Kwenda Pwani kwa ndege ndogo na kupiga kambi: tutue wapi, na mzigo tuugawe vipi?

Mbawa za Athi aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nina leseni ya rubani binafsi, na klabu ninayokodi ndege hapo kiwanja cha Wilson ina Cessna 172 ya viti vinne iliyoundwa miaka ya 1970. Mwezi Januari tunakusudia, mimi na mke wangu pamoja na marafiki wawili, kuruka kutoka Nairobi hadi Pwani na kukaa siku chache katika mahema badala ya hoteli, kwa kuwa tunalolitaka hasa ni kuamka tukisikia bahari, kupika wenyewe na kurudi bila haraka. Safari zangu za mbali hadi sasa zimekuwa za bara, upande wa Nanyuki na Naivasha, na sijawahi kutua katika kiwanja kilicho usawa wa bahari.

Kati ya Malindi, Ukunda na Manda, ni kiwanja kipi kinachomfaa zaidi mtu mwenye hema? Je, inaruhusiwa kulala kando ya ndege ndani ya kiwanja, kama tunavyosikia kwamba marubani wa nchi nyingine hufanya? Watu wanne pamoja na vyombo vya kambi wataenea kwa uzito? Tena yupo mwenzetu anayesema kwamba maji yakipwa, mchanga wa Pwani huwa mgumu kiasi cha ndege kutua juu yake. Ningependa kusikia kauli ya wanaojua kabla sijamjibu.

Mkufunzi wa Anga alijibu:

Ndugu Mbawa za Athi, nitaanza na uzito, kwa sababu hilo ndilo litakaloamua mengine yote, hata swali la wapi mtue.

Cessna 172 ya miaka hiyo, ikiwa ni ya modeli ya N, hairuhusiwi kupaa ikiwa na uzito unaozidi kilo 1,043. Tuchukue kwa mfano kwamba ndege tupu ina kilo 670, ingawa takwimu halali ni ile iliyoandikwa katika karatasi ya uzito ya ndege yenyewe, nayo lazima uisome. Zinabaki kilo 373. Matangi ya kawaida yakijaa yana takriban lita 150 za petroli inayoweza kutumika, na kwa kuwa lita moja ya petroli ya ndege ina uzito wa kilo 0.72, mafuta peke yake yatakula kilo 108. Mtasalia na kilo 265 za watu, mahema, maji, sufuria na kila kitu kingine. Watu wanne wenye kilo 75 kila mmoja ni kilo 300, hivyo mmeshapita kiwango kabla ya kupakia hata blanketi moja. Watu watatu wenye mizigo midogo wataenea kwenye karatasi. Mimi ningemruhusu mwanafunzi wangu aende na watu wawili tu pamoja na vyombo vyao, na sababu yangu ni Wilson yenyewe.

Kiwanja cha Wilson kipo zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Siku yenye joto la nyuzi 25, hewa huwa nyepesi kiasi kwamba ndege hufanya kazi kana kwamba ipo futi 8,000 hivi. Injini isiyosukumiwa hewa kwa mtambo hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, propela hushika hewa kidogo, na mabawa huhitaji mwendo mkubwa zaidi wa ardhini ndipo yainue mzigo. Ndege ambayo Malindi ingepanda futi 700 kwa dakika inaweza, ikiwa imejaa, kukupa chini ya nusu ya hiyo juu ya Mbuga ya Nairobi. Kwa hiyo ondokeni mapema asubuhi wakati hewa ingali baridi, na uzito uwe chini ya ule wa juu kabisa, usiwe sawa nao.

Kuna watakaokushauri upunguze mafuta ili upate nafasi ya abiria. Usikubali. Kutoka Wilson hadi Malindi ni zaidi kidogo ya kilomita 420 kwa mstari ulionyooka. Ndege yako huenda kilomita 195 hivi kwa saa, na upepo wa mbele wa noti 15 (karibu kilomita 28 kwa saa) utaishusha kasi hiyo hadi karibu kilomita 170 juu ya ardhi, kwa hiyo panga saa mbili na nusu za kuruka. Ukihesabu lita 32 kwa saa na nyongeza ya kupanda, utatumia takriban lita 85. Ongeza akiba ya nusu saa ambayo sheria inaidai, kisha ongeza mafuta ya kukufikisha Mombasa endapo Malindi itafungwa kwa mvua au kwa ndege iliyokwama njiani, utaona kwamba jumla inapita lita 120. Matangi yaliyojaa ndiyo kipimo sahihi cha safari hii.

Hesabu hiyohiyo inakuonyesha kwamba huwezi kwenda na kurudi kwa tangi moja. Hapa ndipo wengi hukwama. Ndege nyingi zinazotua katika viwanja vya Pwani, kama Caravan na Dash 8, zina injini za tabo zinazotumia mafuta ya Jet A-1, na kuwepo kwa gari la mafuta kiwanjani hakumaanishi kwamba petroli ya injini za pistoni, ile yenye rangi ya buluu, inapatikana. Piga simu kabla ya kuondoka, na usiridhike na jibu la “ipo”. Uliza zipo lita ngapi, na nani atakuwa kazini siku yako ya kurudi. Wakati wa kujaza simama mwenyewe kando ya tangi, kwa kuwa Jet A-1 ikimiminwa ndani ya tangi la ndege ya pistoni, injini inaweza kuanza vizuri kabisa kwa petroli iliyobaki kwenye mabomba, kisha ikazimika baada tu ya kupaa.

Kuhusu njia, ukielekea kusini mashariki utaruka futi 7,500 au 9,500 kwa mujibu wa kanuni za kuruka kwa kuona, na utarudi kwa futi 8,500 au 10,500. Kwa safari ya kwanza fuata reli na barabara ya Mombasa kupitia Emali, Kibwezi na Mtito Andei hadi Voi, ukiacha Milima ya Chyulu kuliani kwako, kwa sababu kilele chake kinafika karibu mita 2,190 na mawingu hupenda kukaa juu yake. Njia nzuri zaidi kwa macho ni kufuata Mto Athi, ambao baada ya kupokea Tsavo huitwa Galana, kisha Sabaki, na kumwaga maji yake baharini kaskazini tu mwa mji wa Malindi. Kando yake kwa sehemu kubwa utaona Uwanda wa Yatta, ule ukuta mrefu wa lava unaonyooka kwa takriban kilomita 300. Hata hivyo katikati ya Tsavo Mashariki hakuna barabara kubwa wala mji, na injini ikikusumbua utajuta kutokuwa juu ya reli.

Suala la kutua ufukweni ni fupi. Viwanja vilivyoidhinishwa vipo, na ufuo si mojawapo. Ufukwe wa Pwani yetu ni njia ya watu, uwanja wa mpira wa watoto na bandari ya wavuvi, na mchanga unaoonekana mgumu kutoka juu unaweza kumeza gurudumu la mbele na kuibinua ndege.

Mwana wa Sabaki alijibu:

Mimi si rubani, ila ninaishi Malindi na nimewapokea wageni wengi wa ndege ndogo, kwa hiyo nitazungumzia yanayotokea baada ya propela kusimama.

Ndani ya kiwanja hamtalala. Malindi, Ukunda na Manda zote zipo chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege ya Kenya (KAA), zina uzio na walinzi, na mtu anayekunja hema kando ya ndege alfajiri atakuwa na maelezo mengi ya kutoa. Ndege hulazwa kiwanjani kwa ada, nanyi mnatoka kwa tuktuk. Kwa hiyo kiwanja bora kwenu ni kile ambacho mahali pa kupiga kambi pako karibu nacho na barabara ipo. Kwa kipimo hicho Malindi na Ukunda ni sawa kwa sawa, na Manda ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu kutoka Manda mnapaswa kuvuka kwa boti hadi Lamu au Shela, mzigo wote mabegani. Kaskazini mwa kiwanja hicho kuna kambi ya kijeshi ya Manda Bay, iliyoshambuliwa Januari 2020, na rubani mgeni anatakiwa kusoma matangazo ya anga ya eneo hilo kwa uangalifu mkubwa kabla ya kusogea. Lamu ni mji wa kulala katika nyumba za mawe na kuusikiliza usiku. Nendeni, lakini si kwa ajili ya hema.

Januari ni wakati wa kaskazi. Upepo huo unavuma kutoka kaskazini mashariki, na adhuhuri unapoungana na upepo wa bahari huzidi nguvu, hivyo rubani asiyezoea Pwani afadhali awe ameshatua kabla ya saa sita mchana. Jambo ambalo wageni hawaambiwi ni kwamba kaskazi husukuma tope jekundu la Mto Sabaki kuja kusini, na kama mvua za vuli zilikuwa nyingi bara, maji ya mbele ya mji wa Malindi huwa na rangi ya chai ya maziwa kwa wiki kadhaa. Watu hufika wakiwa na picha za bahari ya samawati, wakavunjika moyo. Msivunjike, mkielekea kusini hadi Watamu, mwendo wa kilomita ishirini na kitu, maji huwa safi zaidi. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968, na ofisi za KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ndizo za kuuliza kwanza juu ya kambi, ada na mahali panaporuhusiwa moto. Kwa upande wa Ukunda, wenye mahema wengi huenda Tiwi, ng'ambo ya kaskazini ya Mto Mwachema, ambako kelele ni chache kuliko Diani.

Mkishapata mahali, tazameni mwezi. Wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu kunakuwa na bamvua, na tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa kwetu hupita mita tatu, hivyo mchanga mkavu mliouona saa kumi jioni unaweza kuwa chini ya maji usiku wa manane. Utafuteni mstari wa mwani mkavu na takataka za bahari, kisha mpige hema juu yake kwa nafasi ya kutosha. Msikae chini ya mnazi hata kama kivuli chake kinavutia, kwa sababu nazi haimchagui mtu inapoanguka. Mvinje una kivuli chepesi lakini hauna cha kumwangushia mtu. Vigingi vyembamba vya hema havishiki katika mchanga wetu. Jazeni mchanga katika mifuko ya kitambaa, fungeni kamba za hema kwenye mifuko hiyo, halafu mwizike chini kiasi cha urefu wa mkono.

Mjue pia kwamba mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, na kuanzia tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja, pamoja na chupa za maji, haziruhusiwi katika maeneo ya hifadhi, fukwe zake zikiwemo. Chukueni vyombo vya maji vya kudumu. Mitungi ya gesi msiipakie ndegeni kabisa; makaa na majiko yanauzwa kila soko la huku, na samaki wabichi mtawapata kwa wavuvi asubuhi.

Mbawa za Athi aliandika tena:

Nashukuru sana, Mkufunzi, na wewe Mwana wa Sabaki. Nimeuangalia waraka wa uzito wa ndege yetu na kuona kwamba tupu ina kilo zaidi ya zile 670 za mfano, kwa hiyo suala la watu wanne limekwisha. Tumekubaliana kwamba mimi na mke wangu turuke, na marafiki zetu wasafiri kwa treni ya Madaraka Express hadi Mombasa wakiwa na mahema yote, maji na vyombo vya kupikia, halafu wapande matatu hadi Malindi. Ikiwa yupo anayejua upande wa Tanzania, ningependa kusikia pia, kwa sababu mke wangu ana ndugu Tanga na mwaka unaofuata tungependa kuvuka mpaka.

Msafiri wa Wami alijibu:

Shikamooni wakubwa, na vijana wenzangu habari zenu. Mpango wa treni ni mzuri sana, na ninaupongeza kwa dhati, kwa sababu unaiondolea ndege uzito wote ambao hauna ulazima wa kuruka.

Kwa Tanzania, kituo cha kwanza hakiwezi kuwa kiwanja chochote kinachokupendeza. Lazima ujaze mpango wa safari, uondoke Kenya kupitia forodha na uhamiaji, ambavyo Wilson vipo, halafu uingie kwetu kupitia kiwanja chenye huduma hizohizo, kama Kilimanjaro, Dar es Salaam au Zanzibar, na vibali vya ndege yenye usajili wa 5Y, yaani wa Kenya, viombwe mapema.

Ukishaingia, mahali ambapo mwenye ndege na hema anapaswa kupaona ni Saadani. Ipo kaskazini mwa Bagamoyo, imekuwa Hifadhi ya Taifa tangu 2005, na ni mahali ambapo tembo na twiga huishi mpaka karibu na mawimbi ya Bahari ya Hindi. Njia ya kurukia ipo ndani ya hifadhi na kambi zipo, lakini kila kitu kinaanza na kibali cha TANAPA, shirika la hifadhi za taifa za Tanzania, na malipo hufanywa kwa namba ya kumbukumbu kabla hujafika. Kabla ya kutua pita chini mara moja juu ya njia ili uone kama kuna nyati au ngiri waliolala pale, kisha zunguka na urudi kutua. Zungushia magurudumu matawi ya miiba usiku, maana fisi hutafuna matairi, na tairi la ndege halipatikani Saadani. Kulala chini ya bawa usikufikirie, simba wapo.

Mafia ni safari ya aina nyingine. Kati ya delta ya Rufiji na kisiwa kuna mkondo wa bahari wa kilomita 20 hivi, na ndege yenye injini moja inapaswa kuuvuka ikiwa juu vya kutosha kuelea hadi nchi kavu injini ikizimika. Kutoka mita 1,500 ndege kama yenu huelea kilomita 13 hivi hewa ikiwa tulivu, kwa hiyo ukivuka kwa kimo hicho au zaidi, mahali popote katikati ya mkondo una upande wa kukimbilia. Vaeni maboya ya kujiokolea kabla ya kupaa, msiyaweke nyuma ya kiti, na asiyajaze mtu hewa akiwa bado ndani ya ndege, kwa kuwa yatambana dhidi ya dari maji yakiingia. Ukifika kati ya Oktoba na Februari utawakuta papa potwe upande wa Kilindoni, samaki wakubwa kuliko wote duniani na wapole kabisa. Kusini mwa kisiwa kuna Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa 1995, yenye ada yake.

Mgeni wa Oregon alijibu:

Ninaishi Portland, Marekani, na swali la kulala kando ya ndege limenigusa kwa sababu huku linawezekana, na ningependa siku moja liwezekane nyumbani. Pwani ya Oregon ina kiwanja kinachoitwa Nehalem Bay, chenye njia ya lami isiyofika mita 750, na kipo ndani ya hifadhi ya jimbo. Kando ya njia hiyo, chini ya miti, kuna sehemu za kupiga kambi zilizotengwa kwa wanaokuja kwa ndege, na rubani akishaifunga ndege yake kwa kamba anatembea kwa miguu hadi Bahari ya Pasifiki. Hakuna mafuta pale wala mnara wa kuongozea ndege, na asubuhi za kiangazi ukungu wa bahari hukaa mpaka karibu adhuhuri, hivyo anayepanga kurudi mapema lazima awe na siku ya ziada mfukoni.

Kinachowezesha jambo hilo ni kwamba kiwanja na hifadhi vyote ni mali ya jimbo moja, na walikubaliana kuhusu matumizi yake. Kule kwetu Kenya kiwanja kina mamlaka yake, ufukwe una yake na hifadhi ina yake. Klabu ya Aero ya Afrika Mashariki, ambayo imekuwepo tangu 1927, ingeweza kuyafikisha maombi kwa KAA na KWS kwa pamoja: kipande kidogo tu nje ya uzio wa kiwanja kimoja cha Pwani, chenye choo, maji na mlinzi. Sioni ugumu ambao watu wenye nia wasingeushinda.

Kuhusu kutua mchangani, mwenzenu labda alisoma habari za Copalis katika jimbo la Washington au Barra huko Scotland. Hivyo ni viwanja rasmi vilivyopimwa na kutangazwa, na ndege hutua maji yakiwa yamepwa tu. Haviwezi kuwa hoja ya kutua Diani.

Mkufunzi wa Anga aliongeza:

Ninaliunga mkono wazo la ndugu wa Oregon, na nitalipeleka katika kikao cha klabu.

Ndugu Mbawa za Athi, yamebaki mambo ya kuitunza ndege ikiwa huko. Ifungeni kamba kwenye mabawa na mkiani hata kama jioni ni shwari, na mfunike mrija wa kupimia mwendo mara tu mnapotua, kwa sababu nyigu wa Pwani wanaweza kuuziba kwa udongo ndani ya muda mfupi, na ndege yenye mrija ulioziba haikuonyeshi mwendo wa kweli wakati wa kupaa. Unyevu wa usiku huacha maji ndani ya matangi yasiyojaa, hivyo jaza mafuta siku mnayofika badala ya siku ya kuondoka, na kila asubuhi chota sampuli kutoka kila tundu la chini mpaka upate petroli safi isiyo na tone la maji.

Siku ya kurudi utaona ndege ikiruka upesi kwa furaha, kwa kuwa hewa ya usawa wa bahari ni nzito. Usiitumie furaha hiyo kupakia nazi na samaki mpaka pomoni, maana mwisho wa safari ni Wilson, nako huenda ukalazimika kuahirisha kutua na kupanda tena katika hewa nyembamba ya mchana. Ondoka Malindi saa moja au saa mbili asubuhi, ufike kabla mawingu ya mchana hayajakua juu ya Ukambani. Ukishafika muombe fundi akuoneshe jinsi ya kuiosha ndege yote kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hasa bawaba za mabawa na sehemu ya chini ya tumbo. Ifanyeni kazi hiyo siku ileile mnayofika.